Ulimi wa Katekista

Katekista wetu hakuwa na kawaida ya kuombea chakula kabla ya kula. Alipiga ishara ya msalaba haraka haraka, kama mtu anayefukuza nzi, kisha akavua kofia, akainamia sahani na kunusa. Tonge la kwanza alilitafuna amefumba macho, na ole wako uongee wakati huo. Sala yenyewe ilikuja mwishoni, sahani ikiwa tupu, na ilikuwa ndefu kweli kweli. Alimshukuru Mungu kwa mvua, kwa aliyevua samaki, kwa aliyepika, kwa kuni, hadi nyanya zikapata Amina yao. Mke wa afande mmoja, mgeni aliyeletwa Kasese na uhamisho wa mumewe, aliwahi kumuuliza kwa nini anapanga mambo kinyume.

"Mama, mbele ya kula unashukuru nini?" alimjibu. "Haujajua kama iko tamu. Ile ni kumudanganya Mungu."

Yule mama alicheka, kisha akaona Katekista hacheki.

Nilimjua nikiwa mtoto wa kambi ya jeshi. Baba yangu alikuwa sajini kutoka Soroti, na majirani zetu walitoka kila kona ya Uganda, kwa hiyo tulielewana kwa Kiswahili chetu cha kuungaunga. Misa ya mjini ilisomwa kwa Lhukonzo, lugha ya wenyeji, sisi tukabaki kutazama dari. Ndipo parokia ikatutafutia mtu wa kutufundisha dini kwa lugha yetu, wakamleta yeye, Mkongo wa upande wa Butembo aliyekuwa akikaa Bwera, mpakani, na kuwafundisha wakimbizi na wachuuzi wa kwao. Alikuja Kasese kila Jumamosi, suruali imepigwa pasi mpaka mkunjo ungeweza kukukata, viatu vinang'aa hata siku za matope. Jina lake tulilisikia labda mara moja, tukalisahau. Kwa watu wote alikuwa Katekista, hata kwa padri. Alichokiacha Butembo hakukisema, na sisi hatukuuliza.

Mwaka niliokuwa najiandaa kwa kipaimara, Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima, alituuliza mmoja mmoja tutaacha nini. Mmoja akasema sukari, mwingine soda, ingawa soda yenyewe aliionja Krismasi tu. Mimi nilijiona mjanja. Nikasimama nikasema nitaacha posho, ugali wetu wa kila siku.

"Posho ya kambi?" Katekista aliuliza. "Ile yenye kunuka gunia? Mutoto, hiyo hata shetani atakuachia bure. Unapenda nini?"

"Sipendi kitu," nikasema, na ilikuwa kweli. Kwetu tulikula ili tumbo linyamaze. Mama alipakua, akasema kula, maliza, toka, na tukala, tukamaliza, tukatoka.

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kuona akimpa hata mfiwa. "Bon," akasema, yaani vema kwa Kifaransa chake. "Wewe hauwezi kufunga mwaka huu. Bado. Enda kwanza ujifunze kupenda kitu."

Kufukuzwa shule nilikuwa nimesikia. Kufukuzwa Kwaresima, sijui kama kuna mtu mwingine duniani aliyepatwa na hilo. Nilifika nyumbani nalia, mama akafunga leso kiunoni akaenda kumtafuta.

"Katekista! Mtoto yangu umefukuza kwa nini? Yeye si Mkatoliki kama wengine?"

"Mama, umulete Jumanne," alimjibu. "Na wewe ukuje na njaa."

Jumanne hiyo, kesho yake ikiwa Jumatano ya Majivu, alipika kwa mama mmoja Mkongo aliyeishi nyuma ya soko. Baadaye nilijua kwamba alifanya hivyo kila mwaka, na kwamba kwake siku hiyo ilikuwa na uzito karibu sawa na Ijumaa Kuu. Alipika ngege, samaki wa ziwani, kwa mafuta ya mawese, moto mdogo, bila kuondoka jikoni hata alipoitwa na mtu wa parokia. Akanipa kichwa cha samaki. Akanionyesha shavu, akanionyesha pale nyuma ya jicho, akanifundisha kufyonza mfupa. "Usimeze mbio," akasema. "Ngoja ikuambie." Nikangoja. Sijui niseme nini kuhusu utamu ule, ila kwamba nililamba mkono mpaka kwenye kiwiko, na mama yangu, mwanamke wa kula-maliza-toka, alikaa amefumba macho.

"Sasa unapenda nini?" Katekista akaniuliza.

"Samaki!"

"Bon. Kuanzia kesho, samaki hapana, mpaka Pasaka."

Nilimchukia. Ndiyo kwanza nimekipata, ananinyang'anya! Ijumaa zile zote wenzangu walikula samaki kwa kuwa nyama imekatazwa, mimi nikala maharage huku nimenuna. Lakini sikudanganya hata siku moja, na Pasaka ilipofika nilifumba macho mbele ya sahani. Tangu hapo hakuna mtu aliyehitaji kunieleza maana ya kufunga.

Watu wengine hawakumwelewa kabisa. Kulikuwa na mke wa koplo aliyefunga mwaka mzima, siku hii mkate, siku ile maji, na uso wake ulikuwa mchungu hata watoto walivuka barabara wasikutane naye. Alitaka kuongoza kikundi cha sala wakati wa Kwaresima. Katekista akamwambia atampa kikundi akishamwona akicheza kwenye harusi. Mama yule akapanda bodaboda moja kwa moja hadi kwa padri kumshitaki. Padri akaja nyuma ya soko, kwa yule mama Mkongo, akiwa amekunja uso, akapewa kiti, akapewa kahawa, na sisi watoto tuliokuwa tukichungulia tulimwona akiomba kikombe kingine. Mambo yaliishia hapo. Mke wa koplo alicheza mwaka uliofuata, harusi ya mpwa wake, akicheza vibaya sana na kwa furaha kubwa, na kikundi akapewa.

Kahawa ile, nayo, lazima niiseme. Aliipata kwa mama mmoja wa Kyarumba aliyeiteremsha mlimani kichwani mwake. Aliikaanga mwenyewe kwenye sufuria ya bati, akitingisha na kusikiliza, kwa sababu alisema kahawa ikiwa tayari inaongea. Siku za kawaida alikunywa asubuhi, mchana na jioni, na kila kikombe alikipokea kana kwamba ni cha kwanza maishani. Kwaresima ilipoingia hakukinywa hata kimoja. Lakini hakuacha kukaanga! Wageni waliendelea kuja, naye akaendelea kuwamiminia, nyumba nzima inanukia, uso wake mkunjufu. Wakati fulani nilimuuliza kwa nini asiifungie tu kabatini mpaka Pasaka.

"Batu bengine bamekosa nini?" akaniuliza. "Mimi ndiye minafunga. Wao beko nakunywa."

Nimewaona wafungaji wengi maishani. Wengi wao wakifunga, nyumba nzima inafungishwa nao. Huyu alifunga na nyumba ikazidi kuchangamka, na mpaka leo nikikumbuka namna alivyosogeza kikombe mbele ya mgeni, mpini ukiwa upande wa mkono wa kulia, nasisimka.

Mwaka mwingine aliacha viatu. Mtu aliyeipenda ngozi iliyong'aa kuliko wanajeshi wa gwaride alipanda njia za Kyarumba kwenda mazishini peku peku, mawe yale, mwinuko ule. Watu wa mlimani wakamwonea huruma. Wakachanga, wakamnunulia viatu vya plastiki vya kijani kibichi, wakamkabidhi mbele ya umati. Alishukuru kwa heshima zote, akavikumbatia, akashuka navyo mkononi huku miguu inavuja damu. Pasaka alivivaa kanisani na suti yake ya buluu. Sisi tulijikaza tusicheke, lakini yeye alitembea kuelekea altareni kama waziri.

Sitaki mtu adhani alikuwa malaika. Alikuwa na hasira ya karibu, hasa kwa mtu anayekula amesimama au anayetazama simu juu ya sahani. Aliweza kumnunia mpishi wiki nzima kwa ajili ya chumvi. Alijivunia mavazi yake, na nadhani alijivunia pia kule kufunga kwake, ingawa ungemwambia hivyo angekufukuza. Na kwenye harusi aliganda kwenye uwanja wa rumba mpaka maharusi wenyewe wakaenda kulala.

Jambo moja tu sikumwona akilifanyia mzaha. Mwaka ambao wakimbizi wengi walivuka mpaka kwa pamoja, watu wakilala kwenye madarasa ya Bwera, Kwaresima iliwakuta katika hali hiyo. Mtu mmoja wa kanisa akawaambia kwa nia njema kwamba wao wasihangaike kufunga, kwani tayari wamefunga kuliko wote. Katekista alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hapana," akasema. "Njaa si karemu." Karemu ndivyo alivyoita Kwaresima. "Kitu yenye walikunyang'anya si sakrifisi. Sakrifisi ni ile yenye unatoa na mukono yako."

Kisha yeye, aliyekuwa akilala pale pale na wenzake ingawa alikuwa na chumba chake hapo hapo Bwera, akaigawa sahani yake ya maharage katikati, nusu akampa mzee aliyekuwa karibu. Nusu iliyobaki akaila polepole, amefumba macho. Wengine wakaanza kugawa pia. Nilikuwa msichana mkubwa wakati huo, nimefuatana na akina mama wa kanisa kupeleka nguo, na nilitoka nje nikasimama kwenye jua kwa sababu sikujua nifanye nini na nafsi yangu.

Ni yeye aliyenifanya mpishi. Nina hoteli ndogo hapa Kasese, upande wa Nyamwamba, na watu hutoka hata Bugoye kuja kula samaki wangu. Wakinisifu huwa nawaambia nilifundishwa na mtu wa dini, wao wanadhani natania.

Mwaka juzi pikipiki ilimwangusha kwenye njia ya Mpondwe, kichwa kikagonga ukingo wa mtaro. Walimshona, akapona, akarudi nyumbani kwa miguu yake mwenyewe, nasi tukamshukuru Mungu. Siku chache baadaye alikaanga kahawa ikaungua mpaka moshi ukaleta majirani, na walimkuta ameketi kando ya sufuria akitabasamu, akiwakaribisha. Hakusikia harufu yoyote. Pua ilikuwa imekufa, na ulimi umeifuata. Daktari alimwambia huenda vitarudi, huenda visirudi. Havikurudi.

Sahani ikawa adui. Alisema kila kitu ni udongo, udongo wa moto na udongo wa baridi. Alimeza matonge mawili matatu akasukuma sahani, suti ya buluu ikaanza kumning'inia. Na hapo watu wa Bwera wakafanya kosa ambalo wao tu wangeweza kulifanya, kwa kuwa walimjua. Wakasema Katekista amefikia hatua ya juu.

"Muzee anafunga mwaka muzima!" jirani yake, mama wa Kikonzo mwenye duka la nguo, alinieleza kwa furaha. "Ni mutakatifu. Mimi naleta watoto yangu awaguse kichwa."

Nilimkuta amejificha chumbani, amejifunika blanketi wakati wa mchana. "Beko nanisifu juu ya kitu sikufanya," akaniambia. "Mi sifungi. Mi nimenyang'anywa."

Kwaresima ya mwaka jana alipokea majivu kama watu wote, akarudi nyumbani akakaa kitandani. Padri alikuja kumfariji, akamwambia kwamba kwa umri wake na ugonjwa wake Kanisa limemsamehe kufunga. Maneno mema, lakini yalimchoma. Aliniambia baadaye alichomwambia Mungu siku hiyo. "Nilisema, mwaka huu sina kitu ya kukupa. Ulipita ukabeba yote." Alikuwa hababaiki wala halii. Alisema tu, na mimi nilipata hofu kubwa, kwa kuwa niliona mtu huyu anaweza kufa kwa kukosa cha kuacha.

Nikaanza kwenda Bwera kila Jumanne, siku ambayo wateja wangu ni wachache na dada yangu anaweza kushika jiko. Nilibeba chakula, akala kidogo kwa heshima yangu, nikarudi na mabaki. Hivyo hivyo kwa miezi. Halafu Jumanne moja mvua ilinichelewesha njiani, nikafika nina njaa kali, nikapakua sahani mbili nikala naye. Bila kufikiri nikasema, "Eh! Pilipili ya leo ina hasira."

Aligeuka. "Hasira ya namna gani?"

"Inaanza polepole hapa mdomoni. Unadhani imekusamehe. Halafu inakushika masikio."

Akachukua tonge akaliweka mdomoni, akinitazama. "Na samaki?"

"Samaki ametulia. Mafuta yamemwingia mpaka mfupani. Hapa shavuni ana utamu kama wa mahindi mabichi."

"Na chumvi?"

"Chumvi... imezidi kidogo, Katekista. Nilikuwa na haraka."

"Unaona!" akapiga meza. "Kila siku haraka!" Na akala. Alikula sahani nzima akiniuliza, nami nikimjibu, na ilipokwisha akaomba ile sala yake ndefu ambayo sikuwa nimeisikia tangu pikipiki ile.

Basi ikawa hivyo. Nikawa namwonjea. Wiki nzima jikoni nilitafuta maneno, kwa sababu akikuta neno la juzi limerudi leo ananikemea. Uso wake ukajaa, suti ikamkaa. Alinyoa ndevu kila Jumanne. Jirani aliniambia kuwa tangu asubuhi huanza kuuliza kama mvua imenyesha Kasese. Na mimi, niseme ukweli, nilimpenda kama nilivyompenda baba yangu, na safari ile ya Bwera ndiyo iliyonifanya nivumilie siku nyingine zote.

Mwaka huu nilikwenda Jumanne ya kuamkia majivu nimebeba ngege, sombe ya majani ya muhogo na ndizi. Tulikula kuliko siku zote. Nilimsimulia sombe mpaka akacheka machozi. Baada ya sala alivaa kofia yake, akaweka mikono miwili juu ya meza, na uso wake ulikuwa ule wa zamani, wa darasani.

"Mutoto yangu, nimepata kitu," akasema. "Ya kuacha."

Nilifurahi mno. "Nini, Katekista?"

"Wewe."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu: nisije mpaka Pasaka. Nisipige simu pia. Hizi Jumanne ndizo kitu pekee anachokipenda kilichobaki, na hakuna aliyemnyang'anya, kwa hiyo anaweza kuzitoa.

"Mimi ni mtu!" nilimfokea, mimi ambaye sijawahi kuinua sauti mbele yake. "Mimi si kahawa!"

"Kahawa nilikuwa naiweza," akasema.

Nikamuuliza atakula vipi. Akasema atakula yote kama dawa, daktari ameagiza na padri ameagiza, na mama jirani atakuwa shahidi. Nikamuuliza juu ya Jumapili, maana ni yeye aliyetufundisha kwamba Jumapili haina mfungo. Akasema yeye alishapumzika mwaka mzima. Nikabaki na neno moja tu, nikalisema.

"Na ukifa kabla ya Pasaka?"

Hakulifanyia mzaha. Alilifikiria, akitazama mikono yake. "Basi nitafika kule na kitu mu mukono," akasema. "Mwaka jana ningefika mikono mitupu. Wewe ulinipatia."

Nililia. Aliningoja nimalize, hakunibembeleza. Kisha akanisindikiza mpaka barabarani amenyooka, viatu vinang'aa, akiwasalimu watu huku na huko kama bwana harusi. Nilimwogopa. Nilikuwa na hasira naye, nilimwonea uchungu, lakini zaidi ya yote nilimwogopa, jinsi mtu anavyoogopa akisimama karibu na mlima usiku na kuhisi ukubwa wake bila kuuona. Alinishika kichwa, akageuka, akaenda.

Jirani hunipigia simu. Mzee anakula, anasema jirani, anamaliza sahani. Jumanne ananyoa kama kawaida, anavaa, halafu anafunga mlango unaotazama barabara. Afya yake jirani anasema ni nzuri, siku nyingine anasema si nzuri sana.

Alinikataza kwenda na kupiga simu. Kuandika hakunikataza, hakulifikiria. Kwa hiyo nimekuwa nikikaa hapa Jumanne baada ya chakula cha mchana, hoteli ikiwa tupu, nikiandika habari zake, na kwa saa hizo nimekuwa naye: nimemsikia akipiga meza, nimemwona akisogeza kikombe. Hakuna kitu ninachokipenda wiki nzima kuliko hiki. Nimelijua hilo leo, nikiwa katikati ya sentensi.

Basi naacha.